Vitamini D na mchochota mwilini: mwongozo kwa tunaoishi ughaibuni

Kila ikifika Novemba, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki walioko Ulaya na Amerika Kaskazini. Magoti yanauma? Unaamka umechoka? Mwili mzito? Basi vitamini D imeshuka, mwili umejaa mchochota (kwa Kiingereza inflammation, kinga ya mwili inapowaka), nunua vidonge vikali, meza, utapona. Mwishoni pana picha ya chupa na namba ya mtu wa kuagiza kwake.

Nusu ya ujumbe huo ni kweli, na ndiyo maana unasambaa. Wengi wetu huku vitamini D iko chini kweli, na mwenye upungufu mkubwa huwa na dalili zaidi za mchochota kwenye damu kuliko mwenzake. Ila faida ya kuipandisha ina kikomo, na kikomo hicho kiko chini kuliko wauza chupa wanavyotaka uamini. Aliyetoka kwenye upungufu mkubwa akafika kiwango cha kutosha amefaidika. Aliyeanzia kwenye cha kutosha akaendelea kupanda, kwa habari ya mchochota, anatupa pesa.

Jua la huku

Ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa na mionzi ya jua aina ya UVB. Mombasa au Dar es Salaam mionzi hiyo ipo mwaka mzima. Mtu akienda sokoni na kurudi ameshapata ya kwake. Ukipanda kaskazini, wakati wa baridi jua hukaa chini angani, na mionzi hiyo humezwa na hewa kabla haijakufikia. Utafiti uliofanyika Boston na kuchapishwa 1988 ulionyesha kwamba pale ngozi haitengenezi kitu kuanzia Novemba hadi Februari. Edmonton, Kanada, ukame huo huanza Oktoba na kuendelea mpaka Machi. Uingereza nayo, tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua likitoka ni la kufurahisha macho. Njia rahisi ya kukadiria: simama nje utazame kivuli chako. Kikikuzidi urefu, unachopata ni kidogo mno.

Juu ya hapo kuna rangi yetu. Melanini inayotukinga na jua la ikweta hupunguza kasi ya kutengeneza vitamini D, kwa hiyo hata Julai sisi tunahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko jirani Mzungu. Ongeza na mavazi: dada anayevaa hijabu na nguo ndefu, au kaka aliyejifunga koti na skafu mpaka Mei, amebakiza uso na viganja tu.

Kisha kuna kazi. Chukua mtu anayehudumia wazee mjini Leeds, zamu ya saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Mwezi wa Desemba jua huko huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Anaingia kazini giza, anatoka giza, na siku ya mapumziko analala. Dereva wa lori au teksi anaweza kudhani amenusurika kwa kuwa anashinda na jua usoni, lakini kioo cha dirisha huzuia UVB karibu yote.

Walioko Muscat, Doha na Dubai wasicheke. Jua lipo la kuchoma lami, na bado upungufu wa vitamini D katika nchi za Ghuba ni mkubwa, kwa sababu ya joto lenyewe: watu huishi ndani kwenye viyoyozi, huenda kwa gari, hutoka jua likishazama. Wadada wanaofanya kazi za nyumbani huko wako kwenye hatari zaidi, maana wengine hawatoki nje ya geti wiki nzima.

Watu hupenda kutaja kwamba utafiti uliochapishwa 2012, uliopima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, ulikuta wastani wa vitamini D kwenye damu yao ni nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho mkazi wa London haoni hata ndotoni. Ni kweli. Walikuwa watu 60, wanaoshinda nje kutwa. Inatuonyesha ngozi nyeusi inaweza kufika wapi ikipewa jua; haituambii kwamba lazima wewe wa Minneapolis uifukuzie namba hiyo kwa vidonge.

Moto unaofuka

Ukijikata kidole, mahali pale panakuwa pekundu, panavimba, panapata joto na kuuma. Huo ni mchochota wa kawaida, kazi ya kinga ya mwili, na baada ya siku chache unazimika. Mchochota tunaouzungumzia hapa ni ule wa chinichini usiozimika: huuoni, hauumi moja kwa moja, lakini huambatana na kisukari cha ukubwani, magonjwa ya moyo, kitambi na baridi yabisi. Madaktari huupima kwa protini iitwayo CRP, inayotengenezwa na ini pale seli za kinga zinapopiga kelele. Kwa kipimo kile chenye umakini mkubwa, kinachotumika kukadiria hatari ya moyo, chini ya miligramu 1 kwa lita ni vizuri, 1 hadi 3 ni wastani, juu ya 3 ni hatari. Ikizidi 10, mara nyingi kuna jambo la wakati huo: maambukizi, jeraha, jino bovu.

Vitamini D inaingiaje humo? Ikishatoka kwenye ngozi au kwenye kidonge hupitia ini, kisha figo, ndipo ikawa homoni kamili inayojulikana zaidi kwa kazi ya mifupa. Lakini seli za kinga nazo zina kipokezi chake, na baadhi zina kimeng'enya cha kuikamilisha palepale zilipo bila kusubiri figo. Katika maabara homoni hiyo hupunguza utoaji wa kemikali za kuchochea, zikiwemo IL-6 na TNF, na huzipa nguvu seli zinazoituliza kinga isivuke mpaka. Kwa hiyo uhusiano huu haukutungwa na wauzaji. Upo, na una njia zake.

Shida ni kwamba kwenye maabara seli ziko kwenye kisahani, na sisi hatuishi kwenye kisahani.

Nani alianza: kuku au yai?

Tafiti nyingi zilizopima watu mara moja zilikuta kitu kilekile: vitamini D ikiwa chini, CRP iko juu. Wauza chupa husimama hapo. Anayefikiri huuliza maswali matatu. Je, mgonjwa hashindi ndani, akakosa jua kwa sababu anaumwa? Je, mtu mnene hana mchochota zaidi kutokana na mafuta ya mwili, na mafuta hayohayo yakafyonza vitamini D yake ikapungua kwenye damu? Na la tatu, ambalo wengi hawalijui: mchochota wenyewe hushusha kipimo cha vitamini D. Wagonjwa waliopimwa kabla na baada ya upasuaji wa goti walionekana vitamini D imeanguka ghafla ndani ya siku chache, na hakuna aliyewanyima jua kwa siku hizo.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha South Australia, Ang Zhou na Elina Hyppönen, walijaribu kulifungua fundo hilo kwa kutumia jeni. Kuna watu waliozaliwa na jeni zinazowafanya wawe na vitamini D kidogo zaidi maisha yao yote, bila kujali kazi wala unene. Ukiwalinganisha na wengine, unaweza kuona kama upungufu ndio unaoleta mchochota. Walitumia takwimu za watu karibu 295,000 walioko kwenye hazina ya utafiti ya Uingereza iitwayo UK Biobank. Matokeo: vitamini D ikiwa chini sana, CRP inapanda, kadiri vitamini inavyosogea kuelekea nanomoli 50 kwa lita, CRP inashuka, ikishafika karibu na hapo, mstari unalala, hakuna nyongeza ya faida. Walipogeuza swali, CRP ya kurithi, tofauti na mchochota wa ghafla kama ule wa upasuaji, haikuonekana kuishusha vitamini D.

Hapo ndipo penye kile kikomo nilichokisema mwanzoni. Ila weka alama moja pembeni: watu hao wote walikuwa Wazungu wa Uingereza. Kwa sisi kuna utata zaidi. Waamerika weusi kwa wastani wana vitamini D ya chini kwenye damu kuliko weupe, na bado mifupa yao ni mizito zaidi na huvunjika mara chache. Wapo watafiti wanaosema kipimo cha kawaida hakitutendei haki, kwa kuwa kinahesabu vitamini iliyobebwa na protini fulani na protini hiyo hutofautiana. Wengine wakajibu kwamba tofauti hiyo ilitokana na aina ya kipimo kilichotumika. Mabishano hayajaisha. Mimi huchukua 50 kama alama ya barabarani, na sioni sababu ya mtu mweusi mwenye 42 kukosa usingizi.

Na waliopewa vidonge wakafuatiliwa? Jaribio kubwa mojawapo ni VITAL la Marekani, lililoongozwa na JoAnn Manson wa Hospitali ya Brigham and Women's, Boston. Watu 25,871, na zaidi ya 5,000 kati yao walikuwa weusi, jambo la nadra kwenye majaribio ya aina hii. Nusu walimeza IU 2,000 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini) kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitano hivi. Matokeo ya 2018: hakuna upungufu wa saratani wala wa mashambulio ya moyo na kiharusi. Vipimo vya mchochota navyo, vilipoangaliwa baada ya mwaka kwa baadhi yao, havikushuka kwa maana yoyote. Kumbuka kwamba wengi wa washiriki hao hawakuanza wakiwa na upungufu, kwa hiyo hili haliupingi utafiti wa jeni. Yote mawili yanasema aliyeshiba haongezewi.

Kuna habari moja nzuri kutoka jaribio hilohilo. Mwaka 2022 walichapisha matokeo ya magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, kama baridi yabisi na soriasisi ya ngozi. Waliomeza vitamini D walipata wagonjwa wapya 123, waliomeza kidonge kitupu 155. Wauzaji huandika "asilimia 22". Mimi naandika hivi: kila upande ulikuwa na watu karibu 13,000, kwa hiyo katika miaka mitano tofauti ilikuwa watu 32. Ni kitu, si cha kudharau, hasa kama kwenu kuna historia ya magonjwa hayo. Lakini si muujiza, na wala haikuwa tiba kwa aliyekwisha kuugua.

Kupima, na kuisoma karatasi ya majibu

Mtu mzima asiye na tatizo hahitaji kupimwa ili aanze dozi ndogo ya kila siku. Hata chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2024, hakishauri kumpima kila mtu mzima mwenye afya. Ontario, Kanada, bima ya mkoa iliacha kulipia kipimo hiki kwa watu wa kawaida tangu 2010, kwa hiyo ukiwa Toronto uliza bei kabla mkono haujatobolewa. Wanaostahili kupimwa ni wenye maumivu ya mifupa au udhaifu wa misuli ya mapaja na mabega, wenye ugonjwa wa figo au ini, waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili wapungue uzito, wenye selimundu, na wanaotumia dawa zinazoila vitamini D haraka, kama rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi, na fenitoini au kabamazepini za kifafa.

Omba kipimo cha 25-hydroxyvitamin D. Hicho ndicho kinachoonyesha akiba. Kile kingine, cha homoni iliyokamilika, kinaweza kuonekana sawa hata akiba ikiwa imekauka.

Kisha angalia vizio, maana hapa ndipo watu huogopeshana bure. Uingereza na Kanada huandika nmol/L, Marekani ng/mL, na moja ya Marekani ni sawa na 2.5 za Uingereza. Shemeji wa Houston akikupigia simu kwamba ana 24 na wewe wa Birmingham una 38, usidhani umempita: 24 yake ni 60 kwa hesabu yako, yeye yuko vizuri na wewe ndiye wa kumeza. Chini ya 25 nmol/L, yaani 10 ng/mL, ni upungufu usio na ubishi. Kuanzia 50, yaani 20 ng/mL, ni ya kutosha kwa watu wengi.

Usipime ukiwa na homa, umetoka kuugua au umefanyiwa upasuaji wiki hiyo. Namba itatoka ya chini kuliko hali yako halisi, na CRP itatoka juu, utajiona umeharibika pande zote mbili. Na dada zangu mnaomeza biotini ya nywele na kucha kwa dozi kubwa, mwambieni anayewatoa damu. Biotini inaweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara, hii ikiwemo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika sehemu hii: viungo vikivimba, vikikaza asubuhi zaidi ya nusu saa, au ukipungua uzito bila kutaka, usiishie kwenye vitamini D. Karatasi ikionyesha 30 nmol/L, daktari aliyechoka anaweza kukuandikia vidonge na kukuaga, na baridi yabisi ikaendelea kula vifundo vya vidole vyako huku ukisubiri chupa ifanye kazi. Weusi wengi huku watakutwa na vitamini D ya chini wakipimwa Februari, wawe na ugonjwa au wasiwe nao. Mwambie: "Nitameza, lakini naomba tutafute na sababu ya maumivu."

Kumeza

Serikali ya Uingereza inashauri kila mtu mzima afikirie kumeza mikrogramu 10, ambazo ni IU 400, kila siku majira ya vuli na baridi. Kwa wenye asili ya Kiafrika, na kwa wanaojifunika au wasiotoka sana nje, ushauri ni mwaka mzima. Marekani na Kanada hupendekeza jumla ya IU 600 kwa siku mpaka miaka 70, na 800 baada ya hapo, pamoja na kile unachokula. Ukimeza IU 800 au 1,000 hujakosea. Mpaka wa juu kwa mtu mzima anayejimezea bila daktari ni IU 4,000, na mpaka huo usiugeuze kuwa lengo.

Dukani soma nyuma ya chupa, usiishie kwenye namba kubwa ya mbele. Mikrogramu moja ni IU 40, kwa hiyo chupa iliyoandikwa 25 na nyingine iliyoandikwa 1,000 zinaweza kuwa na kitu kilekile. Angalia kama hesabu ni ya kidonge kimoja au viwili. Chagua D3, hupandisha kiwango vizuri kuliko D2. Kwa Waislamu: D3 nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, hilo halina neno kwa wengi, lakini ganda la kidonge laini mara nyingi ni jelatini, na isipoandikwa ya ng'ombe au ya samaki inaweza kuwa ya nguruwe. Vidonge vigumu, matone na dawa ya kupuliza mdomoni hukwepa tatizo hilo. Chapa ya bei rahisi ya duka kuu inatosha kabisa. Meza na chakula chenye mafuta kidogo. Maharage ya nazi ya jioni yanafaa kuliko chai ya mkandaa asubuhi.

Chakula peke yake ni vigumu kitoshe. Samaki wenye mafuta ndio wenye kitu: vibua, dagaa wa kopo, samoni, heringi. Kiini cha yai kina kidogo. Maziwa ya Marekani na Kanada huongezwa vitamini D. Ya ng'ombe ya Uingereza kwa kawaida hayaongezwi, hivyo chai ya maziwa ya Manchester haikusaidii kama ya Seattle. Mafuta ya ini la chewa yana vitamini A nyingi, na mjamzito asiyaguse.

Sasa kuhusu vile vidonge vya IU 50,000. Daktari wa Marekani akimkuta mtu na upungufu mkubwa humwandikia kimoja kwa wiki, kwa kawaida wiki nane. Kwa wiki. Chupa ikihamia kwa binamu bila maelezo, binamu anameza kila siku. Vitamini D haitoki na mkojo kama C. Hujilimbikiza, kalsiamu inapanda kwenye damu, na dalili zake ni kiu, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, choo kigumu, kuchanganyikiwa, mwisho figo. Hata wingi wa mkupuo mmoja chini ya daktari una madhara: jaribio la Australia la 2010 lililowapa akina mama wazee IU 500,000 mara moja kwa mwaka liliishia na kuanguka na kuvunjika zaidi kuliko wale wasiopewa. Kidogo kila siku ndiyo njia. Ukitaka kupima tena, subiri miezi mitatu.

Kama lengo lako hasa ni kuituliza CRP, vitamini D si ya kwanza kwenye foleni. Kitambi kikipungua, sigara ikiachwa, fizi zikitibiwa, usingizi wa zamu za usiku ukipangwa, CRP huitikia bila kujali karatasi ya vitamini D inasemaje.

Mwisho ni wazazi wanaokuja kutembea Desemba. Mama ametua, analalamika baridi na magoti, nawe una chupa kabatini. IU 400 au 800 haina shida kwa wengi. Lakini kabla ya kumpa zaidi, au kumwongezea kalsiamu, fungua mfuko wake wa dawa za presha usome majina. Ukikuta hydrochlorothiazide au bendroflumethiazide, au kidonge cha mchanganyiko chenye herufi HCT, dawa hizo huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo, na vitamini D nyingi juu yake inaweza kuipandisha kupita kiasi. Vilevile akiwa amewahi kuwa na mawe ya figo, au yuko kwenye matibabu ya kifua kikuu. Piga picha ya pakiti zake, nenda nayo kwa mfamasia, umuulize kabla hajameza.